Kikombo, Septemba, Usifute

Kanda niliinunua kwa bei ya pakiti ya chumvi
pale Majengo, nyuma ya wauza vyuma chakavu,
ndani ya ndoo ya rimoti zilizofiwa na televisheni zao.
Juu yake karatasi, wino wa buluu umegeuka kahawia:
KIKOMBO. SEPT. 74. USIFUTE.
Aliyeandika "usifute" alimjua mtu wa kufuta.

Nikaifungua kwa bisibisi ya saa.
Utepe umejikunja kama utumbo wa mbuzi,
ukungu mweupe ukingoni. Nikaupangusa kwa pamba na spiriti,
shubiri kwa shubiri, hadi jogoo,
mke wangu akiuliza kama nimepata kazi au nimepata wazimu.

Halafu penseli, tundu la kushoto, zungusha.
Halafu kitufe.

Kwanza upepo. Upepo wa Dodoma haufichiki,
unaparuza kinasa sauti kama kuku apekuaye makapi.
Mtu anakohoa. Mtoto analilia uji.
Sauti ya kiume, karibu mno: "Tayari? Inazunguka?"
Na nyingine, mbali: "Inazunguka, we imba, betri zina bei."

Ndipo zeze.

Sitaki kusema lililia. Kila zeze husemwa linalia.
Hili lilikuwa linabisha hodi,
likikwaruza neno lile lile mara nne, kama mdai mlangoni
anayejua mwenye nyumba yumo.
Chini yake ikaingia marimba ya vidole, vyuma vya spoku za baiskeli,
utando wa buibui ukivuma juu ya tundu,
na nyuma kabisa wanawake, ngoma katikati ya mapaja.

Jina lake linatajwa mara moja tu: Lechipya Ndahani,
"wa kule mlimani, sasa wa hapa Kikombo,"
na kwenye hiyo "sasa" watu wanacheka kidogo,
cheko la kusafisha koo.
Ni miaka ile ya kuhamia vijijini.
Tembe zilizoachwa nyuma zilishaanza kuota majani darini.
Anaimba Kigogo, na Kigogo changu ni cha sokoni,
nashika neno moja katika matatu:
ng'ombe, mlango, jina la kisima.
Jina la kisima tena.

Dakika ya kumi na moja anavuta pumzi aanze ubeti,
na mpira.
Mpira! Mtangazaji anapaza: kona, kona nyingine,
goli limekataliwa.
Dakika ishirini na sita za mpira
zimelazwa juu ya pumzi ya Lechipya.
Nilisikiliza mechi yote, nikimwombea mwamuzi aimalize mapema.
Iliisha sare. Baada yake, mchakacho.

Nikaenda Kikombo kwa pikipiki, redio mgongoni.
Huyu hamjui, yule alikuwa hajazaliwa,
wa tatu akanionyesha ua wa Bi Perisi Chilongani,
aliyekuwa anamenya karanga, na hakuacha.
Nilingoja chozi, nakiri. Nilishika simu tayari.
Akanyoosha kidole kwenye spika:
"Hiyo ngoma ya pili ni yangu.
Imelegea. Sikia.
Niliwaambia ngojeni niipashe moto, wakasema betri, betri."
Akarudisha nyuma. Akarudisha tena,
kitufe kishamzoea.
"Yaani katika vyote, mmetunza aibu hii."

Nikamuuliza ubeti unaofuata, ule ulioliwa na mpira.
Akasukuma ungo kando.
Akapiga paja, ta-ta, kimya, ta,
midomo inakwenda, sauti haitoki,
mpaka mahali fulani mkono ukasimama hewani.
"Hapa gari moshi lilipita," akasema.
"Tuliliacha lipite."
Na mkono ukabaki kule juu,
mabehewa mangapi sijui,
maganda ya karanga yakihama ua mmoja mmoja kwa upepo,
kisha ukashuka.